Kinda Mwekundu Kwenye Kiota cha Weusi

Machi 2019, juu ya paa la ploti tunakoishi Umoja, Nairobi, nilimwinua jike wangu mweusi wa njiwa kiotani ili nisafishe sanduku lake. Makinda wake wawili walikuwa na siku 12. Katika umri huo manyoya ya njiwa bado yamo ndani ya vijibomba vigumu, kama miba ya nungunungu, na ncha zake ndizo zinazoanza kupasuka na kuonyesha rangi. Kinda mmoja alikuwa anapasua nyeusi. Mwenzake alikuwa anapasua nyekundu: mabegani, mgongoni, hadi kwenye vinyoya vifupi vya mkia. Nyekundu ya udongo wa Murang'a.

Baba yake mweusi tititi. Mama yake mweusi tititi. Niliwanunua wakiwa jozi, nikaambiwa ni damu safi, na mimi nikawa nawauza makinda wao kwa maneno hayo hayo.

Ng'ambo ya ukuta kuna mzee jirani yetu ambaye amefuga njiwa tangu kabla sijazaliwa. Miongoni mwa njiwa wake kulikuwa na dume mwekundu, kifua kipana, aliyependa kutua kwenye tangi letu la maji. Sikutafuta ushahidi mwingine. Nilimtia yule kinda kwenye katoni ya maziwa, nikashuka ngazi, nikagonga geti.

“Mzee, dume wako ameniharibia jike.”

Alimtoa kinda kwenye katoni, akamgeuza, akaufunua mkia kwa kidole gumba. Akakaa kimya kidogo.

“Huyu si wa dume wangu. Wangu mkia wake ni wa majivu. Huyu ni mwekundu mpaka mkiani. Hebu angalia vizuri, kijana wangu.”

Sikuangalia. Nilimjibu kwamba weusi wawili hawazai mwekundu, na kwamba jambo hilo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Nilisema kwa sauti, watoto wake wakisikia. Alinirudishia katoni yangu taratibu, akafunga geti. Kuanzia siku hiyo ikawa ni salamu tu, tena za mbali.

Usiku huo nilifungua daftari langu la njiwa, ambalo wakati huo lilikuwa na majina machache na bei nyingi, nikaandika: kinda nambari 31, mwekundu, mama nambari 8, baba ni dume wa jirani.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anayeishi Texas. Yeye hafugi njiwa. Anafuga nyoka, jambo ambalo mama yake hataki hata kulisikia. Akituma picha kwenye grupu la familia, dada anaifuta kabla haijafunguka. Hapa Kenya nyoka ni wanyamapori, na chini ya sheria ya mwaka 2013 huwezi kumweka nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kule anawanunua kwenye maonyesho ya wikendi. Anaowapenda ni chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale ambao wakiogopa hujikunja wakawa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Chatu hao wana asili katika nchi kuanzia Senegali hadi Uganda, lakini wafugaji wa Marekani wamewazalisha kwa rangi na ruwaza ambazo porini huzioni, au unaziona mara moja katika maelfu. Kila ruwaza wanaiita mofu, na ina bei yake.

Nilimpigia kumlalamikia jirani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Anko, hao weusi wawili, wazazi wao walikuwa rangi gani?”

Sikujua.

“Babu zao?”

Sikujua.

“Sasa unajuaje hawakubeba nyekundu?”

Akanisimulia kuhusu chatu zeruzeru. Mfugaji mmoja wa Marekani, Bob Clark, alipata chatu zeruzeru aliyetoka porini, manjano na meupe matupu, macho mekundu. Alipompandisha na chatu wa kawaida, watoto wote walitoka wa kawaida. Mtu mwingine angesema weupe umepotea. Yeye alisubiri watoto wale wakue, akawazalisha, na mwaka 1992 mayai yakaangua zeruzeru. Jeni ya uzeruzeru ilikuwa ndani yao muda wote, imefunikwa. Mnyama aliyebeba jeni fiche bila kuionyesha, watu wa nyoka wanamwita heti. Kwa macho hana tofauti na ndugu yake asiyebeba kitu.

Kila mnyama ana nakala mbili za jeni ya namna hii, moja ya baba na moja ya mama, na akizaa anatoa moja tu, bila kuchagua. Jeni fiche huonekana pale nakala zote mbili zinapokuwa za namna hiyo. Nyekundu ya kinda wangu, ile inayofika mpaka mkiani, ni jeni fiche. Ikikutana na mwenzake inafunika weusi, mistari, madoa, kila kitu. Ikiwa peke yake inakaa kimya chini ya weusi, kizazi baada ya kizazi.

Nilielewa kwa masikio tu. Kwa hiyo jioni iliyofuata nilichukua vikombe viwili, kila kimoja nikatia punje moja ya njahi na moja ya maharage mekundu. Kikombe cha baba, kikombe cha mama. Mke wangu alishika kimoja, mimi kingine, kila mtu anafumba macho na kutoa punje moja, tunaangalia, tunarudisha. Njahi ikitokea hata moja, kinda ni mweusi. Nyekundu mbili zikitokea pamoja, kinda ni mwekundu. Tulifanya mara 40. Nyekundu mbili zilitokea mara 8, karibu na robo niliyoambiwa. Kilichonishangaza ni mpangilio wake: katikati tulitoa mara 11 mfululizo bila nyekundu mbili, hadi mke wangu akauliza kama nimekosea kuweka punje. Kisha zikaja mara mbili zikifuatana.

Hapo ningeweza kushuka ngazi nikaomba msamaha. Sikushuka, kwa sababu maelezo kwamba jambo linawezekana hayakunionyesha kwamba ndivyo lilivyotokea. Na nikiwa mkweli, nilikuwa bado natamani niwe nimesema kweli. Mpwa akaniambia njia ni moja: wafunge peke yao.

Fundi wa vyuma alinitengenezea kizimba cha waya, nikakiweka kwenye kona ya paa, nikakifunika mabati juu. Weusi wawili ndani, kufuli nje, ufunguo mfukoni mwangu. Mayai ya kwanza niliyatoa, kwa kuwa jike wa njiwa huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa siku kadhaa na sikutaka shaka. Baada ya hapo nikaanza kuhesabu. Njiwa hutaga mayai mawili, huatamia kwa zamu siku 17 au 18, jike usiku na dume mchana. Mzunguko wa kwanza: weusi wawili. Wa pili: weusi wawili. Wa tatu: weusi wawili.

Makinda sita, wote weusi. Nilikutana na mzee dukani, ananunua mkate, nikamwambia mbele ya muuzaji kwamba nimefanya uchunguzi wa kisayansi na dume wake sasa hana pa kujificha. Mzee alichukua chenji yake akaondoka.

Mpwa hakufurahi nilipomwambia. “Anko, sita hawatoshi.” Akanipa hesabu ambayo nimeiandika ndani ya jalada la daftari. Kila kinda wa jozi yenye jeni fiche pande zote ana nafasi tatu kati ya nne za kutoka mweusi. Makinda sita mfululizo kutoka weusi ni jambo linaloweza kutokea mara 18 hivi katika 100, hata kama wazazi wote wamebeba. Makinda 10: bado ni kama mara 6 katika 100. Ili ibaki mara moja tu katika 100, unahitaji makinda 16. Chatu wake hutaga mara moja kwa mwaka, wakitaga, mayai machache tu, na jike hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mtu wa nyoka husubiri miaka kupata jibu ambalo mimi nilitaka kulipata kabla ya chakula cha jioni.

Novemba, mzunguko wa nne. Nilikuwa nimetoka kufunga stima kwenye nyumba moja Donholm, nimechoka, nikapanda paa na tochi ya simu. Niliingiza mkono chini ya jike akanipiga bawa. Makinda wawili, siku 11. Nilimulika wa kwanza: vijibomba vyeusi. Nilimulika wa pili, nikazima tochi, nikakaa juu ya ndoo ya mtama. Nikaiwasha tena. Nyekundu, mabegani hadi mkiani, na kufuli iko mahali pake, ufunguo mfukoni.

Asubuhi nilienda kwa mzee nikiwa na katoni ile ile. Sikuwa na maneno ya kupanga. Nilimwambia, “Mzee, nilikukosea, na nilikukosea mbele ya watoto wako, kwa hiyo naomba uwaite.” Aliwaita. Nilirudia. Alimtoa kinda, akamfunua mkia kwa kidole kile kile, akatabasamu.

“Sisi zamani tulisema damu imelala,” akasema. “Weusi wengi wana damu nyekundu imelala ndani. Mbili zikiamshana, ndiyo haya.”

Alikuwa anajua siku ile ya kwanza. Alikuwa anajua bila kromosomu, bila Texas, kwa kuwa alikuwa ameangalia makinda kwa miaka zaidi ya 40 na kuamini alichokiona. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza getini. Akasema, “Ulikuja na jibu. Mtu aliyekuja na jibu humwelezi.”

Deni la pili lilikuwa kwa wateja. Kati ya makinda weusi wa jozi kama hii, wawili katika kila watatu wamebeba nyekundu. Si nusu, kama nilivyodhani. Ukimtoa mwekundu kwenye mafungu manne, yanabaki matatu, na katika hayo matatu mawili ni ya wabebaji. Watu wa nyoka wanaziandika kabisa kwenye tangazo: heti asilimia 66. Mimi nilikuwa nimeandika “damu safi.” Nilikuwa nimewauza makinda weusi wa jozi ile kwa watu watatu, na mmoja, wa Githurai, alikuwa amenipigia mwaka uliotangulia akisema jozi yake imetoa mwekundu. Nilikuwa nimemwambia aangalie majirani zake.

Niliwapigia wote watatu. Yule wa Githurai nilimtumia shilingi 2,000 zake kwa M-Pesa kabla hajamaliza kusikiliza. Akazirudisha. Alitaka mwekundu mwingine wa kumwoanisha na wake.

Siku hizi simuuzi mweusi kama safi mpaka nimempima. Njia fupi ni kumwoanisha na mwekundu kamili. Mwekundu hana nyeusi ya kutoa katika jambo hili. Atatoa jeni nyekundu kila mara. Kama mweusi wako amebeba, nusu ya makinda watakuwa wekundu. Akiwa amebeba, makinda saba mfululizo kutoka bila mwekundu ni jambo linaloweza kutokea chini ya mara moja katika 100. Saba, badala ya 16. Kwa njiwa hiyo ni miezi sita hivi, na mtama wa miezi sita.

Ila nisikudanganye kwamba kila kinda wa ajabu ni damu iliyolala. Mwaka 2021 jozi yangu ya buluu yenye mistari, ile ruwaza ya njiwa wengi wa mjini, mistari miwili myeusi kwenye bawa la kijivu, ilitoa kinda wa drafti: bawa lote limejaa madoa kama ubao wa mchezo. Nikatabasamu, nikamwambia mke wangu, unaona, jeni fiche hiyo. Mzee alipomwona akatikisa kichwa. Nikarudi kwenye vitabu vya njiwa, na mzee alikuwa sahihi. Drafti inaitawala mistari. Nakala moja tu ya drafti inatosha kuonekana, kwa hiyo njiwa wa mistari hana drafti ya kuficha, na wawili wa mistari hawawezi kuitoa. Safari hii kweli kulikuwa na baba mwingine, naye alikuwa dume wangu mwenyewe wa kizimba cha chini, ambaye mlango wake niliuacha wazi Jumapili moja nikienda kanisani. Jambo lile lile nililomtuhumu mzee kwa makosa lilikuwa limetokea kwangu, na safari ya kwanza nikiwa na haki ya kutuhumu nilikuwa nimeshika nadharia nyingine.

Baada ya kupatana, mzee alinipa jike mwekundu wa majivu, binti wa yule dume niliyemsingizia. Nyekundu hii ni jeni nyingine kabisa: mkia na ncha za mabawa hubaki na rangi ya majivu, kama alivyonionyesha siku ya kwanza. Nilimwoanisha na dume wa buluu. Makinda 11 walipatikana mwaka ule, na kila mwekundu alikuwa dume, kila wa buluu alikuwa jike, bila kukosea hata mmoja. Jeni hii inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, yaani uzi wa urithi unaoamua kama kinda ni dume au jike. Dume wa njiwa ana Z mbili. Jike ana Z moja na W. Jike mwekundu ana Z moja tu ya kutoa, yenye nyekundu, na anayoipokea ni mwana wa kiume. Binti anapokea W ya mama na Z ya baba, yenye buluu. Nilikuwa nimezoea kukaa miezi nikisubiri nani ataguna na kujizungusha ndipo nijue dume. Sasa namjua kabla hajatoka kiotani.

Na wale wana wekundu waliobeba buluu, ukiwaangalia wakikomaa, wanaota vitone vyeusi kwenye mkia na mabawa, kana kwamba mtu amekung'uta kalamu ya wino juu yao. Nilikuwa nikiwadharau njiwa wa vitone kama hivyo, nikidhani ni uchafu wa damu. Dume wa mzee anavyo. Vilikuwa vinanieleza alichobeba, na mimi nilikuwa naviona kama doa.

Mpwa alifurahi sana kusikia habari ya jike na dume, akaniambia kwa chatu wake mambo yako kinyume. Kwa muda mrefu ilidhaniwa nyoka wote wana Z na W kama ndege. Mwaka 2017 watafiti wakaonyesha kwamba kwa jamii ya chatu ni X na Y kama sisi: dume ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Wafugaji walikuwa wameshaanza kulihisi kutokana na mofu moja ya manjano wanayoiita Banana, kwa sababu madume wengine wa mofu hiyo walikuwa wakizaa Banana wa kiume karibu watupu, na wengine wa kike. Waliandika, wakahesabu, wakashangaa, na maabara ikaja baadaye.

Lililobaki ndilo gumu kulisimulia.

Mwaka 2022 nilinunua jozi ya njiwa tuliowaita kanga. Msingi wao ni wa kijivu cheupe, na kila unyoya una vipande vyeusi vilivyotawanyika, hakuna unyoya unaofanana na mwingine. Wazungu wanaiita Almond. Kila mwaka wakibadilisha manyoya vipande vyeusi huongezeka, kwa hiyo njiwa yule yule ni picha mpya kila mwaka. Nilikuwa sijawahi kuwa na njiwa mzuri kama hao. Nikawaweka pamoja, dume kanga na jike kanga, kwa sababu ile ile iliyomfanya kila mfugaji afanye hivyo: ukitaka kanga wengi, pandisha kanga kwa kanga.

Mzunguko wa pili alitoka kinda karibu mweupe wote. Nilidhani nimepata rangi mpya. Kufikia siku ya tisa makinda huwa wamefungua macho vizuri. Yeye macho yake yalikuwa yamevimba, yamejaa maji, yametoka nje ya tundu zake kama mapovu, na ukungu mweupe juu. Alikuwa akilia njaa akigeukia upande ambao mama hayupo. Mama alimlisha mradi wamo kiotani wote. Walipoanza kutoka kujifunza kula, hakuiona punje. Nilimlisha kwa mkono, mahindi yaliyolowekwa, mbaazi, nikimfungua mdomo kwa kidole. Nilikuwa nahisi moyo wake ukidunda kwenye kiganja changu kila nikimshika, na akitulia aliposikia sauti yangu. Aliishi siku 26.

Jeni ya kanga nayo inakaa kwenye Z. Nakala moja inatoa uzuri ule. Dume anayepokea nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, hutoka karibu mweupe, macho mabovu, na wengi hawaishi. Kwa jozi kama yangu ni kinda mmoja katika kila wanne. Jambo hili limeandikwa na wafugaji tangu zamani. Mimi ndiye sikuwa nimesoma kabla ya kuwafungia pamoja.

Nilimpigia mpwa usiku. Hakunipa hesabu. Alinitumia video ya chatu wake wa mofu inayoitwa Spider, ruwaza nyembamba kama utando wa buibui, iliyoanza kuzalishwa Marekani mwaka 1999 kutokana na nyoka mmoja wa porini. Kichwa cha nyoka kilikuwa kinatikisika. Alipotaka kumshika panya alipindisha shingo hadi kidevu kikaangalia juu, akarusha kinywa pembeni, akakosa. Akarusha tena, akakosa. Kila Spider ana mtikisiko huo, mwingine kidogo, mwingine sana, na huwezi kuuondoa kwa kuchagua wazazi, kwa sababu unatoka kwenye jeni ile ile inayochora ruwaza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulipiga picha za sikio la ndani la nyoka hao na kukuta viungo vinavyoshikilia usawa wa mwili vimeumbika vibaya. Mpwa alikuwa amemnunua kwa bei nzuri, akiambiwa kwamba kutikisika si kitu, anakula na anazaa.

“Sitamzalisha tena, Anko,” akasema.

Mimi naamini hivyo hivyo, na nalisema waziwazi kwa kila kijana anayepanda paa langu kuuliza rangi. Mfugaji anayejua nakala mbili zitampofusha kinda na bado anaoanisha kanga kwa kanga hastahili kuwa na njiwa. Kanga wangu kila mmoja sasa yuko na mwenzi wa kawaida. Napata kanga nusu badala ya zaidi, na macho yote mazima.

Mwezi uliopita mzee alikuwa juu ya paa letu, amepanda ngazi polepole akishika ukuta. Kwenye tangi la maji alikuwa ametua njiwa wa porini, yule wa miamba na majumba ya mawe tunayemwona kila mahali hapa Nairobi: mabawa ya kahawia nyekundu yenye madoa meupe, ngozi nyekundu kuzunguka macho kama miwani. Nilimweleza nilichosoma, kwamba mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walifuatilia jeni ya drafti wakakuta haikuanzia kwa njiwa wa kufugwa. Zamani njiwa wa kufugwa walichanganyika na huyu wa Afrika, na ruwaza ikaingia kutoka kwake. Kila njiwa wa drafti London au Chicago amebeba kipande cha huyu aliyekaa kwenye tangi letu.

Mzee alimshika dume wangu wa drafti, akalifungua bawa, akaliinua usawa wa tangi, akayatazama mabawa yote mawili kwa muda mrefu. Yule wa porini akaruka kuelekea Jogoo Road.

Kisha akaomba daftari. Alilisogeza mbali na macho, akafunua nyuma taratibu hadi nambari 31. Pale palipoandikwa “baba ni dume wa jirani” nilikuwa nimepiga mstari kwa rula na kuandika nambari 7 juu yake.

“Hujaandika tarehe uliyofuta,” akasema.

Nikachukua kalamu, nikaandika: Novemba 2019.